Dreyfus: asiye na kosa asamehewe nini?

Katika Kiswahili neno msamaha halisimami peke yake. Nyuma yake pana kosa. Tukisema fulani amesamehewa, msikilizaji hutaka kujua mara moja alikosa nini. Yamkini ndiyo sababu mjadala wa kuwasamehe waliohukumiwa kwa ujasusi huwa mkali kuliko mijadala mingine ya sheria. Mwizi akiachiliwa, jirani hunung'unika kisha akasahau; jasusi akiachiliwa, taifa zima hujiona limesalitiwa mara ya pili. Lakini itakuwaje ikiwa huyo aliyehukumiwa hakuwa jasusi hata chembe? Apokee rehema ya mkuu wa nchi, na kwa kuipokea aonekane amekiri? Ama aikatae, afie gerezani akiwa na heshima yake?

Jina la Alfred Dreyfus si geni kwa walimu wa historia. Aghalabu kisa chake husimuliwa kama kisa cha chuki dhidi ya Wayahudi, nacho ni hicho kweli. Ila katika maisha yake yapo majuma machache ya Septemba 1899 ambayo hupitwa haraka, na mimi nayaona kuwa ndiyo yenye somo zito kuliko yote.

Dreyfus alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1859 katika mji wa Mulhouse, jimbo la Alsace, kwa baba Myahudi mwenye kiwanda cha nguo. Ujerumani ilipolitwaa jimbo hilo baada ya vita vya 1870 na 1871, jamaa zake walichagua kubaki raia wa Ufaransa. Kijana huyo akaona wajibu wake ni jeshini. Alisoma katika chuo mashuhuri cha École Polytechnique, akawa afisa wa mizinga, akapanda hadi cheo cha kapteni mwaka 1889, na mwaka uliofuata akamwoa Lucie Hadamard. Kufikia 1893 alikuwa akifanya kazi katika Makao Makuu ya Jeshi mjini Paris. Hakuwa mtu wa kupendwa upesi: alikuwa mkimya, mkavu wa maneno, mwenye kushika kanuni. Tabia hiyo ilikuja kumponza, kwani mahakimu wengi humwamini anayelia kuliko anayejibu kwa utaratibu.

Mwezi Septemba 1894 idara ya ujasusi ya Ufaransa ilipata karatasi iliyochanwa, iliyotolewa na mfagizi katika kapu la takataka la mwambata wa kijeshi wa Ujerumani, Schwartzkoppen. Karatasi hiyo iliorodhesha siri za kijeshi ambazo mtu asiyetajwa jina alikuwa akiziuza. Mwandiko ukadhaniwa kuwa wa Dreyfus. Tarehe 15 Oktoba aliitwa ofisini, Meja du Paty de Clam akamwamuru aandike maneno aliyosomewa, kisha akamkamata papo hapo. Bastola ilikuwa imewekwa mahali ambapo angeweza kuifikia, ili ajimalize na kesi imalizike naye. Hakuigusa. Alitaka kuishi ili athibitishe kwamba hana hatia. Msomaji na aikumbuke bastola hiyo, maana jibu alilolitoa siku ile ndilo alilolitoa tena miaka mitano baadaye, ingawa mara ya pili marafiki wengi hawakulitambua.

Mahakama ya kijeshi ilimhukumu mwezi Desemba mwaka huo, milango ikiwa imefungwa. Majaji walipewa faili la siri ambalo mshtakiwa na wakili wake hawakulijua kabisa. Adhabu ya kifo kwa makosa ya kisiasa ilikuwa imeondolewa Ufaransa tangu 1848, kwa hiyo akahukumiwa kuhamishiwa ng'ambo maisha yake yote. Hapo ndipo rehema ilipomjia kwa mara ya kwanza, ikiwa imevaa sura ya biashara: du Paty alitumwa gerezani kumwambia kwamba akikiri, adhabu yake itapunguzwa makali. Alikataa. Tarehe 5 Januari 1895, katika uwanja wa École Militaire, alinyofolewa alama za cheo chake na upanga wake ukavunjwa, ilhali umati nje ya ua ukidai auawe, naye akipaza sauti kwamba hana kosa.

Kisiwa cha Ibilisi, karibu na pwani ya Guiana ya Ufaransa, hakihitaji maelezo marefu. Jina lake latosha. Aliishi humo zaidi ya miaka minne, akilindwa na askari waliokatazwa kusema naye. Mwaka 1896, baada ya uvumi wa uongo kwamba ametoroka, alifungwa pingu kitandani kila usiku kwa majuma kadhaa, na kibanda chake kikazungushiwa ua wa magogo ili asiione bahari. Hakujua lolote kuhusu moto uliokuwa ukiwaka Paris kwa ajili yake. Hakujua kwamba Luteni Kanali Picquart amegundua kuwa mwandiko ule ni wa Meja Esterhazy, wala kwamba Picquart amehamishwa mbali ili anyamaze. Hakujua kwamba Esterhazy ameachiliwa na mahakama mwezi Januari 1898, na kwamba siku mbili baadaye Émile Zola amechapisha barua yake ya wazi kwa Rais, iliyomletea mwandishi huyo hukumu ya kifungo. Mwezi Agosti mwaka huo Luteni Kanali Henry alikiri kwamba ameghushi hati dhidi ya Dreyfus, akajikata koo kwa wembe.

Mahakama Kuu ya Rufani iliibatilisha hukumu mwezi Juni 1899. Dreyfus akarejeshwa, safari hii ahukumiwe mjini Rennes. Aliyetoka melini hakuwa na umri wa miaka 40, lakini mwili wake ulikuwa wa mzee. Tarehe 9 Septemba majaji watano dhidi ya wawili walimtia hatiani tena kwa usaliti, wakisema zipo sababu za kumpunguzia adhabu, na wakampa miaka 10. Mimi nimejaribu kuielewa hukumu hiyo nikashindwa. Ama mtu ameiuza nchi yake ama hakuiuza. Sababu gani ya kupunguza uzito wa jambo kama hilo waliipata kwa afisa tajiri, asiye na deni wala shida? Dhahiri majaji hawakuthubutu kumwachilia, na dhamiri zao hazikuwaruhusu kumrudisha kisiwani.

Serikali ya Waldeck-Rousseau ilitaka jambo hilo lizimike. Mwaka uliofuata Paris ilitarajia maonyesho makubwa ya dunia, na nchi za nje zilikuwa zimeghadhibika. Likatolewa pendekezo: Rais Émile Loubet amsamehe. Lakini msamaha hutolewa juu ya hukumu iliyokwisha, kwa hivyo sharti Dreyfus aondoe kwanza rufaa aliyokuwa amekata. Hapo watetezi wake wakagawanyika vibaya. Clemenceau alipinga: kwake yeye kesi hii ilikuwa imekwisha kuwa kesi ya jamhuri nzima, na kupokea rehema ni kuwaachia majenerali ushindi. Picquart alipinga. Wakili Labori, aliyepigwa risasi mgongoni akienda mahakamani Rennes, alipinga. Mathieu, kaka yake mshtakiwa, alijibu kwamba ndugu yake yu karibu kufa, na maiti haipati haki. Jaurès aliyumba, kisha akakubali, kwa sharti kwamba Dreyfus atangaze kuwa ataendelea kudai heshima yake.

Rufaa ikaondolewa. Msamaha ukatiwa saini tarehe 19 Septemba, siku 10 tu baada ya hukumu. Naye alipotoka alitoa tamko, ambalo Jaurès alikuwa amesaidia kulitunga, kwamba uhuru bila heshima si kitu kwake na kwamba atautafuta ukweli mpaka mwisho.

Wapo waliomlaumu tangu siku ile. Walisema shujaa angebaki gerezani. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliomtaka Dreyfus awe sanamu la haki walikuwa wamelala Paris. Hoja yao haikuwa ya kijinga, lakini ilimdai mtu mmoja mgonjwa alipe kwa mwili wake deni la taifa. Yeye aliikataa bastola mwaka 1894 kwa sababu aliyekufa hawezi kujitetea. Aliupokea msamaha mwaka 1899 kwa sababu iyo hiyo.

Hata hivyo, upande mmoja Clemenceau aliona mbali. Rehema ile ilimfaa Dreyfus, lakini iliifaa serikali zaidi. Mwezi Desemba 1900 ilipitishwa sheria ya msamaha wa jumla iliyofuta mashtaka yote yaliyotokana na kadhia hiyo. Jenerali Mercier, aliyewapelekea majaji faili la siri, akawekwa kapu moja na Zola na Picquart waliolifichua ovu lake. Dreyfus mwenyewe aliipinga sheria hiyo, kwa kuwa ilimnyima njia ya kuwapeleka waongo mbele ya hakimu. Msamaha wa mtu mmoja asiye na hatia ukawa mlango ambao wenye hatia walipita wote. Lawama ya mlango huo naiweka juu ya waliotunga sheria, si juu ya mfungwa aliyepewa nafasi ya kurudi kwa mkewe na watoto wake wawili.

Ahadi yake aliitimiza. Alikusanya ushahidi, akaandika, akaomba kesi ifunguliwe upya, na tarehe 12 Julai 1906 Mahakama Kuu ya Rufani ilitangaza kwamba alihukumiwa kimakosa. Akarudishwa jeshini akiwa meja na kupewa nishani. Lakini miaka ya kisiwani haikuhesabiwa katika utumishi wake, akajikuta chini ya maafisa aliowatangulia, basi akastaafu mwaka 1907. Majivu ya Zola yalipohamishiwa Panthéon mwaka 1908, mwandishi mmoja wa magazeti alimfyatulia risasi Dreyfus na kumjeruhi mkono. Mahakama ikamwachilia huru mshambuliaji huyo. Vita vilipozuka mwaka 1914, meja huyo mstaafu alirudi kulitumikia jeshi lilelile, akafika Chemin des Dames na Verdun.

Alifariki mjini Paris tarehe 12 Julai 1935. Mwaka 2025 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kumpandisha cheo hadi kuwa brigedia jenerali, kwa hesabu ya miaka ile ambayo mwaka 1906 hakuna aliyetaka kuihesabu.