ABU ZAYD AL-BALKHI, MWANACHUONI ALIYEANDIKA TIBA YA NAFSI



Tumezoea kuwataja wanavyuoni wa fiqhi, wa hadithi na wa lugha, na ni haki yao kutajwa. Lakini wapo wengine waliojishughulisha na maradhi ya nafsi, nao tumewasahau hata majina yao. Tunamweleza mmoja wao hapa kwa sababu iliyo dhahiri. Kijana wa Kibera au wa Kawangware anaposhikwa na dhiki ya moyo usiku wa manane, jambo la kwanza afanyalo siku hizi ni kufungua simu yake. Ndani ya simu hiyo zimo programu nyingi zinazodai kuponya huzuni na hofu, na baadhi yake zimeandikwa kwa Kiarabu na kupambwa kwa maneno ya dini. Ipi ni dawa na ipi ni biashara tu? Atakayeyajua maisha ya bwana huyu atapata mizani ya kupimia.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Ahmad bin Sahl, na kuniya yake ni Abu Zayd. Alizaliwa mwaka 235 wa Hijra (849 au 850) katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, ambao leo umo katika nchi ya Afghanistan. Baba yake alikuwa mtu wa Sijistan, na kazi yake ilikuwa kusomesha watoto. Kwa baba huyo ndiko alikoanzia kusoma.

Alipokuwa kijana alifuatana na msafara wa mahujaji, akaenda kwa miguu mpaka Iraq. Alikaa huko miaka minane, akasoma falsafa, nyota, utabibu na elimu ya dini. Mmoja wa walimu wake alikuwa al-Kindi, mwanafalsafa mkubwa wa Waarabu. Kisha alirejea kwao, akasomesha watoto kama baba yake, na elimu yake ikaenea.

TABIA ZAKE

Alikuwa mtu wa kimo cha kati, mwembamba, mwenye alama za ndui usoni, mnyamavu na mwenye haiba. Amir wa Balkh wa wakati ule, ambaye jina lake pia lilikuwa Ahmad bin Sahl, alimtaka awe waziri wake. Abu Zayd aliukataa uwaziri, akaridhika na kazi ya ukatibu. Uwaziri akapewa rafiki yake Abul-Qasim al-Kaabi. Inasimuliwa kuwa waziri huyo alikuwa akilipwa dirham 1,000 kila mwezi na Abu Zayd 500, na kwamba waziri aliamuru dirham 100 zitolewe katika fungu lake apewe mwenziwe, ikawa mmoja anapata 900 na wa pili 600. Huo ndio uliokuwa urafiki wa watu wa elimu.

Inasimuliwa pia kuwa mtawala wa Bukhara alimwita aende kwake. Abu Zayd alipofika kwenye mto Jayhun na kuyaona mawimbi yake, alirudi nyuma. Akamwandikia kuwa, ikiwa ametakiwa kwa ajili ya akili yake njema, basi kuuvuka mto ule kungeonyesha kuwa hana akili hiyo. Mtu huyo aliyeandika juu ya hofu hakujifanya kuwa yeye haijui hofu.

KITABU CHAKE

Aliandika vitabu vingi, na kazi yake ya ramani ilifuatwa na kina al-Istakhri na Ibn Hawqal. Lakini kitabu kinachotuhusu hapa ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslaha ya miili na nafsi. Sehemu yake ya kwanza ni ya mwili. Sehemu ya pili, yenye milango minane, ni ya nafsi. Aliona kuwa matabibu wa zama zake waliushughulikia mwili na kuipuuza nafsi, hali mwili na nafsi vimefungamana, kimoja kikiugua cha pili huumia. Tena alisema kuwa mtu anaweza kukaa miaka mingi bila ya maradhi ya mwili, lakini yaisumbuayo nafsi humjia karibu kila siku.

Basi ikiwa ni hivyo, aibu iko wapi? Kwetu mgonjwa wa nafsi hufichwa ndani, au huambiwa kuwa imani yake ni dhaifu, au hupelekwa kwa muuza hirizi. Abu Zayd, naye ni Mwislamu aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, hakuyaona maradhi haya kuwa ni aibu. Aliyaona kuwa ni maradhi, yenye sababu na yenye tiba.

Aliyagawanya mafungu manne: ghadhabu, fazaa, huzuni na wasiwasi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, kwani maneno yote manne tunayo. Huzuni nayo aliifanya namna mbili. Iko inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali, na hii dawa yake kubwa ni fikra njema na maneno ya mwenye busara. Na iko isiyojulikana sababu, ambayo yeye aliinasibisha na damu, na akaiona kuwa inahitaji pia tiba ya mwili. Mgawanyo huo unafanana na ule waliokuja kuufanya madaktari wa karne ya 20.

Mafunzo yake mengine mawili ni haya. La kwanza, mtu ajiwekee fikra za kumtuliza angali mzima, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa kuingia. La pili, mwenye wasiwasi asikae peke yake, bali achanganyike na watu na kushughulika na kazi.

MIZANI YA ZAMA ZETU

Mwaka 2015 wataalamu wa Australia walitoa kipimo cha programu za afya chenye vipengele 23, nacho baadaye kilifasiriwa kwa Kiarabu. Hutazama kama programu inavutia, inatumika kwa wepesi, ina sura nzuri, na habari zake ni sahihi. Ni kipimo chema, lakini programu inaweza kupata alama nyingi kwa uzuri wake na isimponye mtu. Kwa hiyo tuongeze maswali ya Abu Zayd.

Je, inasema lugha ya mgonjwa? Kibera wapo ndugu zetu Wanubi, wajukuu wa askari wa King's African Rifles, ambao lugha yao ya Kinubi imetokana na Kiarabu. Hata hivyo, Kiarabu cha vitabuni si Kinubi, na anayeisoma Qur'ani kwa ufasaha huenda akalia kwa Kiswahili. Hata maneno tuliyoyarithi yamegeuka. Wasiwasi wa Abu Zayd ni fikra mbaya inayomrudia mtu bila ya hiari yake, kama anayetawadha mara kumi na asiridhike. Sisi tukisema wasiwasi twakusudia shaka au hofu yoyote. Mfasiri asiyelijua hilo atampa mgonjwa dawa isiyo yake.

Je, inatenganisha maradhi, au inampa kila mtu dawa moja? Je, inamrudisha mtu kwa watu, au inamfungia chumbani na kioo cha simu? Je, inamwambia lini amwendee daktari? Hospitali ya Mathari ipo hapa Nairobi tangu mwaka 1910, na hakuna programu inayoweza kushika mahali pake. Na je, inahifadhi siri? Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019. Basi anayeandika simuni yaliyomo moyoni mwake aulize kwanza ni nani atakayeyasoma.

KUFA KWAKE

Abu Zayd alikufa Balkh mwaka 322 wa Hijra (934). Kitabu chake kilikaa katika maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul, na wachache wakikijua, hata Fuat Sezgin alipotoa nakala yake Frankfurt mwaka 1984. Mwaka 2013 Malik Badri, mtaalamu wa nafsi kutoka Sudan, aliifasiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, ambacho kina maneno yake yote manne, kazi hiyo inawangoja vijana wetu waliosoma Kiarabu. Ingefaa waianze kwa mlango mmoja tu, ule wa huzuni, usomwe barazani na majumbani, ili anayeugua ajue kuwa si yeye wa kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Zayd, na awaponye wagonjwa wetu.