Placide Tempels: Padri Kati ya Lugha na Utiifu

Jina la Placide Tempels si geni kwa msomi wa falsafa ya Kiafrika. Linalosahaulika ni kwamba padri huyu alitoka katika jamii iliyoipigania lugha yake kwa muda mrefu. Alizaliwa mwaka wa 1906 huko Berlaar, Ubelgiji, miongoni mwa Waflemi, Wakatoliki wasemao Kiholanzi. Ingawa Waflemi walikuwa wengi, Kifaransa ndicho kilichotamalaki; Chuo Kikuu cha Ghent kiligeuzwa kuwa cha Kiholanzi kikamilifu mwaka wa 1930 tu.

Akiwa Mfransisko, Tempels aliwasili Kongo mwaka wa 1933, akahudumu miongoni mwa Waluba wa Katanga. Mwaka wa 1940 Wajerumani waliivamia na kuikalia Ubelgiji. Baadhi ya Waflemi, akiwemo padri Cyriel Verschaeve, walishirikiana nao wakitaraji kwamba taifa na lugha yao vingeinuliwa. Verschaeve alihukumiwa kifo mwaka wa 1946 akiwa uhamishoni.

Tempels, aliyekuwa mbali, aliepuka jaribu hilo, lakini lake lilimngoja Katanga. Katika miaka hiyo ya vita aliandika kwa Kiholanzi kwamba Waluba wana falsafa kamili ambayo mhimili wake ni nguvu ya uhai. Tafsiri ya Kifaransa ilichapishwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1945. Askofu de Hemptinne wa Katanga aliipinga vikali. Mwaka wa 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko hadi 1949. Hakuliasi Kanisa.

Aliporejea, alianzisha Kolwezi, pamoja na wachimba migodi na wake zao, vuguvugu lililoitwa kwa Kiswahili: Jamaa. Aliondoka Kongo mwaka wa 1962, akafariki mwaka wa 1977.

Sisi tulio kando ya Ziwa Victoria tuna sababu ya kumsoma kwa tahadhari. Okot p'Bitek, aliyeasisi tamasha la sanaa la Kisumu mwaka wa 1968, alikuwa amekihakiki kitabu hicho katika jarida la Transition mwaka wa 1964, akikataa jumla zake kuhusu Waafrika. Zaidi ya hayo, mtu aliyejua uchungu wa lugha kudharauliwa aliwaeleza Waluba kwa lugha ambayo wao hawakuisoma, akiwalenga wakoloni wenzake. Ni katika Jamaa tu ambapo mazungumzo yalihamia lugha ya wenyewe wazungumzao. Mtafiti wa leo ajiulize: anaandika juu ya watu, au pamoja nao?