Tippu Tip: mtu wa Kasongo aliyesimulia maisha yake mwenyewe

Katika jimbo la Maniema, kuanzia Kindu mpaka Kasongo na Nyangwe, jina la Tippu Tip halijatoka midomoni mwa watu. Wako wanaomtaja kwa sababu ya Kiswahili na dini ya Kiislamu, vilivyoingia pamoja na misafara yake na ya wenzake. Wako wanaomtaja kwa sababu ya minyororo. Lakini wakaaji wengi hawajui kwamba mtu huyo alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kuacha kitabu cha maisha yao kwa Kiswahili, akijisimulia mwenyewe.

Jina lake la kuzaliwa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837, katika ukoo wa wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kuchanganya damu na Waafrika. Alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12, akiuza sandarusi karibu na pwani. Alipofika miaka 18 hivi alimfuata baba yake Tabora, kisha akavuka ziwa Tanganyika kutafuta pembe za ndovu.

Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, akamshinda na kuchukua pembe nyingi sana. Jina la Tippu Tip lilimshika baada ya vita hivyo. Yeye mwenyewe alieleza kuwa linatokana na mlio wa bunduki zake. Watu wengine walisema ni kwa sababu macho yake yalikuwa yakipepesa. Tangu siku hizo, basi, kulikuwa na hadithi mbili juu ya mtu mmoja: ile anayojua yeye kutoka ndani, na ile wanayoona watu kutoka nje.

Nasaba ya Utetera

Mambo yalizidi alipofika Utetera, upande wa Lomami. Njiani alikuwa amesikia kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa mtawala wa nchi hiyo, Kasongo Rushie, walitekwa vitani na kupelekwa mbali. Tippu Tip akajitokeza na kusema kwamba mmoja wa wanawake hao alikuwa nyanya yake. Mzee Kasongo Rushie akamkubali kama mtoto wa nyumbani, akamwachia utawala. Hivyo alipata nchi na pembe zake kwa kumbukumbu ya mtu mwingine aliyoifanya kuwa yake.

Wanafalsafa wamejiuliza sana juu ya jambo hilo. Mwingereza John Locke, mwaka 1694, aliandika kwamba mtu anabaki kuwa yuleyule kwa sababu anayatambua matendo yake ya zamani kuwa ni yake, na kwa hiyo anaweza kuulizwa juu yake. Kwa fikra hiyo, kujitambua si kujijua tu; ni pia kukubali deni la uliyoyatenda.

Karibu na mwaka 1875 Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alimkuta Maniema, wakapatana dola 5,000 ili amsindikize kuteremka Lualaba. Waliachana mwishoni mwa mwaka huo. Stanley aliandika safari hiyo kwa namna yake, naye akasifiwa Ulaya. Tippu Tip alikuwa na habari nyingine: kwamba mzungu huyo alimwahidi zawadi nyingi, lakini baadaye alimletea picha yake tu. Safari ilikuwa moja, na kila mmoja aliishika kama mali yake.

Gavana wa mfalme Leopold

Mwaka 1887, akiwa Zanzibar, alikubali kuwa gavana wa mfalme Leopold kwenye maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1890 aliondoka, akarudi Zanzibar, asirudi tena. Vita vya Wabelgiji na Waarabu vilipoanza mwaka 1892 yeye hakuwepo. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, na mtoto wake Sefu aliuawa mwaka huohuo. Aliyekuwa mtu wake zamani, Ngongo Lutete, aliwageukia Wabelgiji, nao mwishowe wakamhukumu na kumuua.

Mzee huyo, aliyepoteza mtoto na nchi, ndiye aliyeombwa na Mjerumani Heinrich Brode kusimulia maisha yake. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Brode akazitoa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki Zanzibar mwezi wa Juni 1905.

Katika kitabu hicho hajifichi. Anahesabu frasila za pembe, anataja vita, anaeleza namna alivyojipatia utawala wa Utetera. Kwa kipimo cha Locke, ameyakubali matendo yake kuwa yake. Ila anayakubali kama mfanyabiashara anayesoma daftari lake, si kama mtu anayejiona ana deni. Wale waliofungwa na kubebeshwa pembe hizo wanapita tu katika kurasa, wengi bila majina.

Watu hao nao walikuwa na nafsi zao. Njaa iliyowauma njiani ilikuwa yao, na hofu ilikuwa yao, hata kama miili yao ilihesabiwa kuwa mali ya mwingine. Mnyororo ulishika shingo, lakini haukuweza kumfanya Tippu Tip ahisi maumivu yao, wala kuwafanya wao wasiyahisi. Walichonyimwa ni nafasi ya kuyasimulia.

Maniema ya leo imejaa wajukuu wa pande zote mbili, na mara nyingi pande hizo zinakutana katika familia moja. Wanasema lugha ileile ambayo Tippu Tip alijisimulia kwayo. Kitabu chake kimebaki, na kimetafsiriwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Cha waliobeba pembe hakikuandikwa. Habari zao zilizobaki ziko kwa wazee, na mzee akifa bila kuulizwa anazikwa nazo.