Mwalimu Nyerere Alipoanza na Mshahara Wake

Majuzi, nilipokuwa nyumbani Kanja, kaunti ya Embu, mwalimu mmoja wa kamati ya nidhamu shuleni kwake aliniomba ushauri. Wanafunzi walikuwa wamegoma kwa sababu ya chakula, wakawakejeli walimu, nao wenzake walitaka vinara wa mgomo wafukuzwe. Badala ya kumjibu moja kwa moja, nilimsimulia habari za Julius Kambarage Nyerere.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua baina ya ualimu na siasa. Akaacha kazi yenye mshahara ili akiongoze chama cha TANU. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 alikuwa Waziri Mkuu, lakini Januari 1962 alijiuzulu ili akijenge chama. Mwisho wa mwaka huo alichaguliwa kuwa Rais.

Mtihani mgumu ulimfikia tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa ambao ungewaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Walilalamika kwamba wakubwa wenyewe walikuwa wakijilia minono. Nyerere alighadhibika, akawafukuza wanafunzi karibu 400. Hata hivyo, papo hapo aliupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikapunguzwa pia. Februari 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha.

Sisi wanaisimu tunajua kwamba kitenzi ongoza kina udugu na ongoka, yaani kuwa sawa, kunyooka. Siku ile Nyerere alijinyoosha mwenyewe kwanza. Aliweza kuitenganisha hoja na kinywa kilichoitoa: maneno yalimuudhi, lakini aliuona ukweli uliokuwamo. Hapo ndipo penye sifa yake, na ndipo penye kasoro yake pia. Aliyekubali kwa vitendo kwamba vijana walikuwa na hoja ndiye aliyewatimua. Wengi wao walirudishwa masomoni baadaye, ila adhabu ilikuwa imetangulia usikivu.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, nami nilikuwa bado mwanafunzi. Leo ni zamu yetu kukata mashauri juu ya watoto wa watu.

Nilimshauri mwenzangu hivi: kabla ya kuandika barua hata moja, kamati iingie jikoni, ionje maharagwe wanayopewa wanafunzi, kisha iyalinganishe na chakula cha walimu. Utovu wa adabu urekebishwe, naam. Lakini mtoto asifukuzwe shule kwa kosa la kusema kwamba ana njaa.