Abu Marwan Ibn Zuhr, Tabibu wa Koo na Kifua

Katika matabibu wa Andalusia ambao majina yao hayakufutika, leo twapenda kumtaja Abu Marwan Abdul-Malik bin Zuhr, ambaye Wazungu walimwita Avenzoar. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 11 katika mji wa Ishbilia, ndio Seville ya leo, katika nyumba ambayo utabibu ulirithiwa baba kwa mwana. Baba yake, Abul-Alaa, alikuwa tabibu mashuhuri, naye ndiye mwalimu wake.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Aliwatumikia watawala wa Murabitun, kisha mtawala wao Ali bin Yusuf akamtia gerezani Marrakesh. Dola ile ilipoanguka mwaka 1147 na Muwahhidun wakashika mamlaka, Abdul-Mumin alimfanya tabibu wake.

Amma jambo tunalotaka lizingatiwe ni hili. Tangu zama za Wayunani, matabibu walikuwa wakibishana juu ya mgonjwa ambaye koo lake limevimba hata pumzi haipiti. Je, yafaa kulipasua koo la pumzi kwa mbele ili apate hewa? Wengi waliogopa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba gegedu likikatwa halishikani tena. Az-Zahrawi wa Qurtuba, aliyemtangulia, alieleza namna ya kupasua, na alipata kumshona kijakazi aliyejikata koo kwa kisu, akapona. Lakini hakumwona mtu katika nchi yake akiifanya kazi hiyo kwa mgonjwa.

Ibn Zuhr hakutosheka na maneno ya waliopita, wala hakuthubutu kuanza kwa mwanadamu. Alimtwaa mbuzi, akampasua ngozi na utando ulio chini yake, akakata kipande kidogo cha koo la pumzi. Kisha akawa akiliosha jeraha kwa maji na asali, hata likafunga, na mbuzi akaishi muda mrefu. Basi hofu ya miaka mingi ikajibiwa kwa jaribio moja.

Akachunguza pia maradhi ya ndani ya kifua. Alieleza jipu linalotokea baina ya mapafu mawili, na maji yanayokusanyika katika mfuko wa moyo, mambo ambayo kabla yake hayakubainishwa vizuri.

Hayo aliyaandika katika kitabu chake At-Taisir. Rafiki yake Ibn Rushd, katika kitabu chake cha utabibu, aliwaelekeza wasomaji kwa At-Taisir. Mwaka 1280 kilifasiriwa kwa Kilatini huko Venice, na mwaka 1490 kikapigwa chapa mjini humo.

Alifariki Ishbilia yapata mwaka 1162. Mwanawe Abu Bakr alikuwa tabibu na mshairi, na binti yake alijua utabibu, akawatibu wanawake.

Leo, katika hospitali kubwa, mgonjwa mahututi anayekaa siku nyingi kwa mashine ya kupumulia hutobolewa koo kwa mbele, na watu wengi huokoka hivyo. Sisi tumezoea kujivunia majina ya wazee hawa katika hotuba, kisha twarudi nyumbani bila ya kufungua kitabu. Ibn Zuhr aliwaheshimu waliomtangulia, lakini heshima hiyo haikumzuia kuwauliza dalili. Anayetaka kumrithi na amrithi katika hilo.