Profesa Job Bwayo na siri ya damu ya Majengo

Jina la Majengo, mtaa wa Waafrika uliopangwa na wakoloni huko Pumwani katika miaka ya 1920, linajulikana katika maabara za Oxford na Winnipeg kuliko wakazi wake wengi wanavyodhani. Sababu ni damu ya wanawake waliojikimu kwa kuuza miili yao katika vichochoro vya mtaa huo. Na miongoni mwa Wakenya waliojitahidi kuisoma damu hiyo, na kupigania haki ya nchi iliyoitoa, ni marehemu Profesa Job Bwayo.

Bwayo alikuwa mtaalamu wa kinga ya mwili katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya kufahamika kwa utafiti wa chanjo, aliwafuata madereva wa malori katika kliniki ya kando ya barabara huko Athi River, wale waliosafirisha mizigo kutoka Mombasa hadi bara. Zaidi ya robo ya waliopimwa walipatikana na virusi vya Ukimwi. Wakati huo wengi bado waliuona ugonjwa huu kuwa aibu ya kufichwa.

Huko Majengo hali ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, karibu thuluthi mbili ya makahaba waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Watafiti wa Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wakiongozwa na Dkt Frank Plummer, walianza kuwatibu na kuwafuatilia. Kati ya 1985 na 1994 walisajili wanawake 424 ambao hawakuwa na virusi. 239 kati yao wakaambukizwa baadaye. Lakini walikuwako wachache waliokaa miaka mingi katika kazi hiyo bila kuambukizwa. Ripoti ya mwaka 1996 iliyoutangazia ulimwengu jambo hilo ilibeba pia jina la Bwayo.

Kilichowalinda wanawake hao ni nini? Swali hilo halikujibiwa kwa kipimo cha kawaida cha Ukimwi, kwa kuwa hicho hutafuta kingamwili dhidi ya virusi, nao hawakuwa nazo katika damu. Ilibidi kuziuliza chembechembe nyeupe zenyewe. Chembe inayovitambua virusi hutoa protini iitwayo intaferoni gama, lakini kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa jicho. Ili kuinasa, wataalamu hutumia kingamwili iliyotengenezwa maabarani, inayoshika protini hiyo tu na kuacha nyingine zote.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kingamwili hupakwa chini ya vijishimo vya kisahani, kisha chembe hai za damu hutiwa humo pamoja na vipande vya protini za virusi. Chembe ikivitambua, intaferoni yake hunaswa papo hapo. Chembe zikishaoshwa, kingamwili ya pili hufuata na rangi huongezwa, na pale ilipokaa chembe hiyo hubaki doa moja. Mtaalamu huhesabu madoa. Kipimo hiki hakingekuwapo lau si Georges Köhler na César Milstein, waliogundua huko Cambridge mwaka 1975 namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja kutoka kwa chembe za panya. Ugunduzi huo haukuwekewa hataza, na kila maabara ikaufaidi.

Madoa yalionekana katika damu ya baadhi ya wanawake hao: miili yao ilikuwa imekutana na virusi na kujifunza kuvitambua. Kutokana na matokeo kama hayo, wanasayansi wa Oxford na Nairobi walibuni chanjo ya majaribio iliyolenga aina A ya virusi, iliyoenea Kenya. Uganda ilikuwa imetangulia kujaribu chanjo mwaka 1999, lakini ile ililenga aina B, ya Marekani na Ulaya.

Hapo ndipo ulipozuka mzozo. Mwaka 2000 ilifahamika kwamba Waingereza walikuwa wameomba hataza ya chanjo hiyo bila kuwashirikisha Wakenya. Bwayo na wenzake walilalamika hadharani. Ilikuwa haki yao: damu ilitoka Pumwani, na miaka ya kazi ya Wakenya ilikuwa ndani yake. Hatimaye Chuo Kikuu cha Nairobi kikatambuliwa kuwa miongoni mwa wamiliki. Wanawake wenyewe hawakuwa na kiti katika meza hiyo, na hilo halijasemwa vya kutosha.

Bwayo aliongoza mpango wa chanjo ya Ukimwi nchini, KAVI, ulioanzisha maabara yake Nairobi. Chembe hai za damu hazingoji ndege. Zisiposhughulikiwa kwa saa chache, zinaharibika na madoa hayaaminiki. Majaribio kwa watu yalianza Nairobi mwaka 2001, Wakenya wakijitolea kudungwa sindano.

Majibu hayakufurahisha. Kufikia 2004 ilikuwa wazi kwamba chanjo hiyo ilikuwa salama, lakini iliamsha kinga hafifu, na kwa watu wachache. Majengo nayo ilikuwa imetoa onyo: utafiti uliochapishwa 2001, ambao Bwayo alishiriki, ulionyesha kwamba baadhi ya wanawake waliodhaniwa kukingika waliambukizwa baadaye, hasa waliopumzika kazi hiyo kwa muda. Madoa yalikuwapo kabla, ila hayakutosha kuwalinda.

Profesa Bwayo hakukata tamaa. KAVI iliendelea kujaribu chanjo nyingine. Mnamo Februari 2007 majambazi wa magari walimpiga risasi na kumuua viungani mwa Nairobi. Ripoti ya majaribio ya Nairobi na Entebbe ilichapishwa mwaka uliofuata, jina lake likiwa karibu na mwisho wa orodha ya waandishi.