Aliyemchora paka Felix, jina likaenda kwa mwingine

Vita Kuu ya Kwanza, iliyomwaga damu Mahiwa, Lindi, mwaka 1917, ilimfikisha Mmarekani Otto Messmer Ufaransa akiwa askari. Aliporejea nyumbani, mwaka 1919 alimchora paka mweusi mtundu wa filamu za katuni zisizo na sauti, ambaye baadaye aliitwa Felix. Kila alipokwama, paka huyo aliung'oa mkia wake akaufanya kifaa. Hata alama ya kuuliza iliyotokea juu ya kichwa chake aliinyakua akaitumia kama ndoana. Watazamaji walivunjika mbavu, lakini jina lililoandikwa kwenye filamu lilikuwa la mwenye studio, Pat Sullivan. Messmer, mtu mpole kupita kiasi, hakudai. Sullivan alifariki mwaka 1933. Messmer alitambuliwa uzeeni, akafariki mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 91.